Vyombo vya Watu Ghalani kwa Ernesta

Ernesta hakuzaliwa kijijini Kisiwani. Kwao ni Mbaga, juu mlimani, ambako ukungu hushuka asubuhi mpaka kizingitini na nguo iliyofuliwa Jumatatu huweza kufika Jumatano bado mbichi. Aliteremka tambarare mwaka wa uhuru, akiwa ameolewa na Eliezeri, fundi mwashi, na ilimchukua muda kuzoea joto, vumbi na mchwa. Hasa mchwa.

Baba yake alimpa sanduku la mbao la kuanzia maisha. Alipofika kwa mumewe aliliweka penye ukuta, juu ya sakafu ya udongo, akaweka ndani nguo zake nzuri, akalifunika kitambaa alichodarizi mwenyewe. Mvua za kwanza zilipokwisha akataka gauni la kuvaa kanisani. Alifungua, akapeleka mkono, akashika udongo. Kwa mbele sanduku liling'aa kama siku liliyotoka kwa seremala. Kwa nyuma lilikuwa limebaki gamba tu, ukiligusa linabonyea. Eliezeri alianza kucheka, kisha akamwona mkewe machozi yanamtoka, akanyamaza.

"Hapa si Mbaga, mke wangu," alimwambia. "Hapa kitu ukikiweka chini ukakisahau, umekitoa sadaka."

Tangu hapo Ernesta hakusahau kitu. Kila Jumamosi alivuta kabati na vitanda vyake kutoka ukutani, akachungulia nyuma, akafagia, akavirudisha. Majirani walizoea kusikia miguu ya meza ikiburutwa wakamtania kwa kupiga kelele juu ya ua, "Mama Eliakunda, leo unahamia wapi?" Eliakunda ni mwanawe wa kwanza, na ni kwa jina hilo watu wengi walimjua.

Miaka ile maji ya mfereji yalipofika shambani kwao, Eliezeri na mkewe walilima vitunguu, na Eliezeri alijenga ghala la kuvihifadhi. Alilijenga kwa mawe, akatandika mawe bapa sakafuni, akaacha matundu chini ya dari ili upepo uingie upande mmoja utokee mwingine. Lilikuwa jengo zuri kuliko nyumba yao. Baadaye maji yakapungua upande ule, wakaacha vitunguu, na ghala likabaki na harufu tu.

Mwaka wa sabini na nne ukaja uhamisho wa vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika huko chini ya vilima, kila mtu na mji wake, walitakiwa kuja kukaa pamoja kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara. Nyumba ya Eliezeri ilikuwa tayari ndani ya mstari, kwa hiyo yeye hakuhama. Aliona wenzake wakija. Walikuja na milango vichwani, na kuku ndani ya matenga, na mabati ya wale waliokuwa nayo yakipiga kelele juu ya mikokoteni. Kwanza walijenga vibanda vya miti na nyasi, ili wapate pa kujisitiri mpaka wajenge nyumba za kweli. Kibanda cha nyasi kinamtosha mtu na sufuria zake. Hakimtoshi mtu mwenye kabati.

Wa kwanza kuja alikuwa Rahabu, mjane mwenye viti vinne vya mbao vya kuegemea.

"Mama Eliakunda," alisema, "nikiviingiza viti hivi ndani, mimi nitalala nje. Hebu nihifadhie ghalani mwako."

Ernesta alikubali. Baada ya Rahabu wakaja wengine, na kabla mwezi haujaisha ghala lilikuwa na vitanda, meza, makochi, kabati za vyombo na hata kiti kimoja cha kinyozi. Lakini hakupokea hivi hivi. Kitu kilichokuja na vumbi alikirudisha nje kifutwe. Magodoro ya sufi yalianikwa juani mpaka yakawa mepesi, yakapigwa fimbo, ndipo yakaingia. Kila chombo kilisimama juu ya mawe na kuachana na ukuta upana wa mtu kupita. Mawe yenyewe aliyapaka oili chafu aliyoomba kwa madereva wa malori, na kuzunguka kila jiwe alinyunyiza majivu, ili mchwa akipita aache alama. Alifunika vyombo kwa magunia ya katani, wala hakukubali nailoni.

"Nailoni inafanya mbao itoke jasho," aliwaambia. "Mbao inataka kupumua."

Katika watu waliokuja walikuwamo Mwanamkasi na mumewe Kassimu. Mwanamkasi alikuwa binti wa mfanyabiashara mdogo wa Lembeni. Kassimu alitoka Tabora ujanani akaja kukata mkonge upande wa Ndungu, akaoa, akaacha mkonge, akalima. Walikuwa na kitanda kikubwa chenye matendegu marefu, meza yenye viti sita, na kabati la nguo lenye kioo mlangoni. Kabati hilo baba yake Mwanamkasi aliliagiza Tanga likaja kwa gari moshi mpaka stesheni ya Lembeni, na siku lilipoteremshwa watu wa pale walijipanga mstari kujitazama kwenye kioo.

"Shikamoo dada," Mwanamkasi aliamkia.

"Marahaba. Karibuni. Hicho kitanda kifungueni wenyewe, nyote wawili. Siku ya kukiunga nataka mkumbuke kipi kilikaa wapi."

Wakakifungua pale uani, Mwanamkasi ameshika mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, mumewe anagonga tendegu kwa gogo lililofungwa kitambaa. Ernesta alichukua mkaa akaweka alama kwenye kila kiungo, chale moja kwa chale moja, mbili kwa mbili. Skrubu na kabari akazifunga kwenye kipande cha kanga, akakining'iniza kwenye mchago, upande wa kichwani wa kitanda chenyewe, zisitengane. Kabati alilisimamisha wima, kioo akakigeuzia ukutani na kukivika blanketi, milango akaiacha wazi kidogo kwa kipande cha gunzi.

"Mnanipa wawili," alisema walipomaliza, "na kuchukua mje wawili. Ndivyo ninavyofanya na kila mtu mwenye mwenzake. Sitaki kuambiwa kesho nimempa huyu cha yule."

Kassimu alicheka. "Dada, tutakuja wawili, na mtoto mgongoni."

Miezi ikapita. Ernesta alizunguka ghalani kila siku baada ya kutoka shambani, akainama na kutazama yale majivu. Vyombo vya watu vilimpa raha ya ajabu. Alijua kila kimoja kilikotoka, na kipi kilinunuliwa baada ya mavuno gani. Kero moja tu haikumwishia: kila kitu kilinuka vitunguu.

Kisha mambo ya kibandani kwa Kassimu yakaanza kwenda kombo. Nyasi zilivuja, mtoto wao mchanga akakohoa, na ndugu za Mwanamkasi waliokuja kutembea kutoka Lembeni wakasema maneno. Kassimu akaenda Same mjini kupakia magunia kwenye malori, akawa anarudi mara moja moja, na anaporudi hasemi. Mtaa ulisema wameachana. Mwanamkasi mwenyewe hakusema ndiyo wala siyo.

Alasiri moja Kassimu akatokea kwa Ernesta na mtu mwenye pikapu.

"Mama Eliakunda, nimekuja kuchukua lile kabati."

"Mwanamkasi yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Huyu bwana amelipenda, anataka kulipeleka Moshi."

Ernesta aliendelea kupepeta mahindi yake. "Basi mwite Mwanamkasi aje. Ni hapo tu."

"Dada, mimi ni mume wake. Kilicho chake ni changu."

"Sijasema si chako. Nimesema mlikileta wawili."

Kassimu alimtazama, halafu akamtazama yule bwana aliyekuwa akipiga vidole usukani. Aibu ilimpanda ikageuka hasira. Akasema kwamba hakujua siku hizi watu wanaomba ruhusa kwa mwenye ghala ili wachukue mali yao, na kwamba angejua hivyo angeliacha kabati mvuani. Pikapu ikageuza, na vumbi lake likatua kwenye mahindi yaliyokwisha pepetwa.

Eliezeri aliporudi kutoka kazini akasimuliwa. Alinawa mikono polepole, akaketi mbele ya makande yake.

"Umefanya vizuri," alisema. "Lakini angalia. Watu hawa wana ugomvi wao."

"Najua."

Siku chache baadaye akaja Mwanamkasi. Habari za pikapu zilikuwa zimemfikia, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimshukuru Ernesta, akamshika mikono, akasema Mungu amlipe. Kisha akasema kaka yake anakuja na gari la rafiki yake, alipeleke kabati Lembeni kwa baba, likae huko salama.

Ernesta akamuuliza,

"Kassimu anajua?"

"Kassimu anataka kuliuza, dada! Ajue nini tena? Baba yangu ndiye aliyelinunua. Watu wote wanajua."

"Kweli, baba yako ndiye aliyelinunua. Lakini nimemkatalia yeye kwa sababu alikuja peke yake. Nikikupa wewe peke yako, nitakuwa nimemdanganya."

Mwanamkasi akaiachia mikono yake. "Kumbe na wewe uko upande wake."

"Sina upande."

"Haya," alisema Mwanamkasi, na kuondoka. Tangu siku ile alipopita barabarani aliamkia kwa mbali, kwa sauti ya mtu anayelipa deni, wala hakusimama. Walikuwa wameteka maji pamoja, wamekatiana majani ya mboga. Ernesta alikuwa na marafiki wengi, lakini huyu ndiye aliyekuwa akimchekesha.

Aliyafikiria sana. Eliezeri alimuuliza jioni moja, bila ukali, "Hivi wewe unatunza kabati au unatunza ndoa?" Alitaka kujibu kwamba anatunza alichopewa, lakini akaona mumewe amesema kweli: kwenye fikra zake aliona kabati likienda Lembeni, na Mwanamkasi akilifuata nyuma na mtoto wake. Hakupenda lile. Lakini nani alimpa kazi ya kulizuia? Kabati lilikuwa la yule mwanamke kwa haki yote. Mwishowe aliamua. Kaka mtu akija, atalitoa, na Kassimu akija kuuliza atamwambia usoni kwamba yeye Ernesta ndiye aliyelitoa.

Lakini kabla ya kaka mtu kufika, masika ikafika.

Ilianza mlimani. Kisiwani kulikuwa na jua la kuumiza macho, huku Mbaga juu kumefunikwa weusi mtupu. Baada ya chakula cha mchana Ernesta akasikia mvumo, akadhani ni lori. Alipotoka nje aliona maji ya rangi ya kahawia yameruka ukingo wa mfereji, yanakuja kupitia shamba lake la zamani la vitunguu, yamebeba matawi na viatu vya mtu. Eliezeri alikuwa Gonja akijenga darasa. Ernesta alikimbilia ghala, akafungua mlango, akaanza kutoa alichoweza, akipiga yowe.

Watu walikuja. Rahabu, pamoja na uzee wake, alibeba viti vyake viwili viwili kichwani. Vijana wa kando ya barabara wakatoa makochi na magodoro. Mwanamkasi akaja mbio, miguu mitupu, kanga ameifunga kiunoni, mtoto amemwachia jirani, hakumsalimu mtu. Na nyuma yake akatokea Kassimu. Alikuwa ameshuka kwenye basi wakati ule ule kuja kumtazama mtoto, bado ana kifurushi cha mkate mkononi. Alikitupa juu ya paa la banda la kuku, akaingia ghalani.

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Kabati lilikuwa mwisho kabisa, kwenye kona, kwa kuwa ndilo zito.

"Shika chini," Kassimu alimwambia mkewe. "Tulilaze, mimi nitashika upande wa kioo."

"Ukililaza kioo kitavunjika. Libebe wima."

"Wima halipiti mlangoni."

"Lilipita wakati wa kuingia!"

"Liliingia likiwa kavu, na sisi hatutelezi!"

Ernesta alitia mabega katikati, akasukuma. Wote watatu, wakigombana kila hatua, wakalitoa wima, likapita mlangoni kwa upana wa kucha, wakavuka ua uliogeuka tope, wakaliingiza sebuleni kwa Ernesta, ambako maji hayakufika. Kioo kilikuwa kizima. Walipoondoa blanketi wakajiona humo watatu, wamejaa matope mpaka nyusi. Mwanamkasi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mvua nayo ikashuka kutoka mlimani, wengine wakakimbilia kwao, na hao watatu hawakuweza kutoka. Ernesta aliwasha moto akachemsha chai ya tangawizi. Nyumba ilijaa vyombo vya watu hata pa kupita hapakuwapo. Kassimu alikalia mfumbati wa kitanda chake mwenyewe, mkewe akakalia meza.

"Yule bwana wa pikapu," Mwanamkasi alisema hatimaye, akitazama kikombe. "Ulikuwa na shida gani hata uuze kitu cha baba yangu?"

"Mabati," alisema Kassimu.

"Mabati gani?"

"Mabati ya nyumba. Matofali nilikwisha patana na fundi. Nilitaka nije siku moja nikuambie, nyumba hiyo. Kaka zako walisema mbele yangu kwamba dada yao ameolewa na nyasi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa kabati," alisema Mwanamkasi. "Nisingekataa nyumba. Kuna meza hii niliyoikalia, ina viti sita. Sisi tunakula mkekani tangu tuoane. Lini umeniona nakula mezani?"

Kassimu aliitazama meza kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Meza ni nzuri," alisema kinyonge.

"Ni nzuri. Iuze."

Ernesta alikuwa jikoni akichochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Hakutoka mpaka aliposikia wanazungumzia urefu wa kuta.

Asubuhi maji yalikuwa yameondoka yakiacha tope ghalani. Siku zile zote zilizofuata Ernesta alitandaza vyombo vya watu uani. Aliviweka kivulini kwanza, maana alijua mbao iliyolowa ukiipeleka juani moja kwa moja itapinda na kupasuka. Alifuta tope kwa kitambaa chenye maji kidogo, akaacha upepo ufanye kazi yake, akavigeuza kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Hata hivyo vingine viliumia. Matendegu mawili ya kina Kassimu yalivimba, na ubao wa chini wa kabati ulijikunja, hata mlango ukawa haufungi. Hilo lilimuuma Ernesta kuliko maneno yote aliyoambiwa. Alimwita Mwanamkasi, akamwonyesha, akasema atatafuta seremala kwa gharama yake.

"Dada Ernesta," alisema Mwanamkasi, "lingekuwa kibandani kwangu lingekuwa sasa limesombwa na maji mpaka Mkomazi. Acha bwana."

"Na kuna jingine. Ulipokuja kuliomba, nilipaswa kukupa. Lilikuwa lako."

Mwanamkasi alifungua na kurudisha ule mlango mbovu mara kadhaa.

"Ungenipa, ningekuwa Lembeni," alisema. "Labda ingekuwa vizuri, labda vibaya. Mimi sijui. Ila nilikukasirikia kweli kweli."

"Najua. Ulikuwa unaniamkia kama mjumbe wa nyumba kumi."

Wakacheka, na Mwanamkasi akamsaidia kugeuza magodoro mpaka alasiri.

Meza iliuzwa na viti vyake. Kiangazi Eliezeri mwenyewe ndiye aliyejenga nyumba ya Kassimu, vyumba viwili na ukumbi, mabati juu. Siku ya kuhamisha vyombo Mwanamkasi na Kassimu walikuja wote wawili, na mtoto anatembea sasa. Kabati lilibebwa na wanaume wanne. Kitanda kilipelekwa vipande vipande, na Ernesta aliwafuata akiwa na kile kifuko cha skrubu mkononi. Alama za mkaa zilikuwa zimefutwa na maji, ikabidi Kassimu na mkewe wabishane tena, kipi cha kulia na kipi cha kushoto, na matendegu yaliyovimba yakakataa kuingia mpaka Kassimu alipoyachonga kidogo kwa randa ya kuazima. Walipomaliza, Mwanamkasi alitandika shuka, akainusa, akakunja pua.

"Vitunguu," alisema.

"Vitaisha," alisema Ernesta. "Chumba kiachie dirisha wazi."

Ghala halikukaa tupu. Kwanza Eliezeri alipandisha sakafu yake kwa mawe zaidi na kuchimba mtaro upande wa mfereji. Kisha akaja mwalimu aliyehamishiwa Mtwara na makochi yake, akaja Lugano, fundi wa mitambo ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao Rungwe na hakuweza kubeba kabati la vyombo ndani ya basi. Ernesta aliwapokea wote, akafuta vumbi vyombo vyao, akaviweka juu ya mawe. Kitu kimoja tu alikibadilisha. Mtu na mwenzake walipokuja pamoja, hakuwaambia tena kwamba lazima wachukue pamoja. Aliwauliza wenyewe, pale pale mlangoni, mzigo bado vichwani mwao, "Akija mmoja wenu kesho, nifanyeje?" Wengine walicheka, wengine walitazamana wakajibu mara moja. Na wapo walioomba wakae kwanza kivulini, wazungumze, ndipo wamjibu. Ernesta aliwaletea maji ya kunywa, akarudi kwenye majivu yake.